Apirana Ngata: Mrejeshaji wa Tezo na Nyimbo za Wamaori

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkanya mtu anayeupa kisogo utamaduni wake kwa hiari. Lakini kuna hali nyingine ambayo methali hiyo haiitaji: pale watu wanapozipenda mila zao, ilhali wajuzi wa mila hizo wanakufa mmoja baada ya mwingine bila kuwarithisha wengine ujuzi wao. Nyimbo zipo, lakini anayezifahamu maana yake hayupo. Nguzo zenye nakshi zipo, lakini mkono unaoweza kuchonga nyingine umekwisha kuzikwa. Katika hali kama hiyo, je, jamii ifanye nini? Maisha ya Sir Apirana Turupa Ngata, Mmaori wa Nyuzilandi aliyeishi kati ya mwaka 1874 na 1950, yanaweza kusomwa kama jibu refu la swali hilo.

Wamaori ni Wapolinesia waliovuka bahari kwa mitumbwi mikubwa na kuvifanya visiwa vya Aotearoa, ambavyo leo hujulikana pia kama Nyuzilandi, kuwa kwao. Hawakuwa na maandishi kabla ya kuja kwa Wazungu. Kumbukumbu yao ilihifadhiwa katika nyimbo, katika ukariri wa nasaba, katika hotuba za uwanjani na katika nakshi za mbao. Mwaka 1840 baadhi ya wakuu wao walitia saini Mkataba wa Waitangi na wawakilishi wa taji la Uingereza. Miongo iliyofuata ilileta vita, maradhi mageni na upotevu wa ardhi. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka 1896, Wamaori walikuwa wamesalia takriban 42,000 tu, na Wazungu wengi waliamini kwamba watu hao wangetoweka kabisa. Ngata alikuwa kijana aliyetimiza miaka 22 mwaka huo.

Malezi na elimu

Ngata alizaliwa tarehe 3 Julai 1874 huko Te Araroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini, katika kabila la Ngati Porou. Babake, Paratene Ngata, alikuwa mtu aliyebobea katika nasaba na mapokeo ya kabila lake. Mamake, Katerina Naki, alikuwa binti wa Mskoti aliyefika katika eneo hilo. Mtu mwingine aliyemwathiri sana utotoni ni Ropata Wahawaha, mzee wa ukoo na kiongozi wa vita aliyepigana upande wa serikali katika vita vya miaka ya 1860. Kwa hivyo, mtoto huyu alilelewa katika nyumba ambamo mapokeo ya kale na siasa za wakati huo vilizungumzwa katika kikao kimoja, na kwa Kimaori.

Wazee hao hawakuiona elimu ya Kizungu kuwa adui. Waliiona kuwa silaha ambayo vijana wao walipaswa kuishika. Baada ya shule ya kijijini huko Waiomatatini, Ngata alipelekwa katika Chuo cha Te Aute, shule ya bweni ya Kanisa la Anglikana iliyokuwa chini ya mwalimu mkuu John Thornton, aliyeamini kwamba wanafunzi wa Kimaori wangeweza kufaulu mitihani ya kuingia chuo kikuu sawa na mwanafunzi mwingine yeyote. Ngata aliithibitisha imani hiyo. Alijiunga na Chuo cha Canterbury mjini Christchurch, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1893, na mwaka 1896 akapata shahada ya sheria. Hakuna Mmaori aliyemtangulia kupata shahada katika chuo kikuu cha Nyuzilandi.

Mtu mwenye sifa hizo angeweza kufungua ofisi ya uwakili mjini na kuishi maisha ya raha. Ngata alirejea Waiomatatini. Alikuwa amemwoa Arihia Kane Tamati mwaka 1895, na humo kijijini ndimo walimolea watoto wao. Makao yake yalibaki kuwa huko hadi kifo chake, ijapokuwa kazi ilimweka Wellington, jiji kuu, kwa miezi mingi ya kila mwaka.

Chama cha wanafunzi

Jambo la kwanza kubwa alilolishiriki lilikuwa chama cha wanafunzi. Mwaka 1897 wanafunzi wa sasa na wa zamani wa Te Aute waliunda umoja wao, na Ngata akawa mhimili wake na baadaye katibu wake msafiri. Miongoni mwa wenzake walikuwemo Maui Pomare na Te Rangi Hiroa, aliyejulikana pia kama Peter Buck, ambao wote wawili walisomea udaktari. Vijana hawa walizunguka vijijini wakihimiza usafi wa maji, vyoo, nyumba bora, elimu na kilimo. Kundi lao lilikuja kujulikana kama Chama cha Vijana wa Kimaori.

Ni muhimu kutambua kwamba mwanzoni vijana hao hawakuwa watetezi wa kila kitu cha jadi. Kama wasomi wengi wa kizazi cha kwanza katika nchi zilizotawaliwa, walirudi nyumbani na orodha ya mambo waliyotaka yaachwe. Walikosoa matanga ya siku nyingi yaliyomaliza chakula cha ukoo, na waliwatilia shaka waganga wa jadi. Hata hivyo, safari za vijijini zilimfunza Ngata jambo ambalo darasa halikumfunza. Aligundua kwamba Mmaori alisikiliza habari za vyoo na mashamba pale tu alipozungumziwa uwanjani, kwa taratibu za uwanjani, na mtu aliyejua kuimba wimbo ufaao baada ya hotuba yake. Utamaduni ambao wasomi waliutazama kama kikwazo ndio uliokuwa njia ya pekee ya kuwafikia watu. Kutoka hapo mtazamo wake ulianza kugeuka.

Mwaka 1905 alichaguliwa kuwa mbunge wa Wamaori wa Mashariki, kiti alichokishikilia kwa miaka 38. Bungeni alijulikana kwa umilisi wake wa sheria za ardhi na kwa uwezo wake wa kufanya kazi usiku kucha. Mwaka 1927 alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka 1928 akawa Waziri wa Mambo ya Wenyeji. Lakini saa ambazo wanasiasa wengine walizitumia kupumzika, yeye alizitumia kukusanya nyimbo.

Mkusanyaji wa nyimbo

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika hatapata taabu kuelewa alichokifanya Ngata. Nyimbo za jadi za Wamaori zina tanzu zake kama zilivyo zetu. Zipo mbolezi za kuomboleza wafu na ardhi iliyopotea, ambazo ni nyingi kuliko nyingine. Zipo nyimbo za mapenzi, nyingi zikiwa zimetungwa na wanawake. Zipo bembelezi, lakini bembelezi za Kimaori si za kumlaza mtoto tu: humsimulia mtoto wa ukoo mkubwa nasaba yake, mashujaa wake na deni la kisasi linalomsubiri akikua. Zipo pia nyimbo za kujibu matusi, ambamo mtunzi huzuru nchi nzima kwa maneno akitaja milima, mito na jamaa zake kuthibitisha kwamba yeye si mtu wa kudharauliwa.

Ugumu wa nyimbo hizo haukuwa katika kuzipata. Familia nyingi zilikuwa na madaftari ambamo wazee, baada ya kujifunza kuandika katika karne ya 19, walinakili nyimbo za koo zao. Ugumu ulikuwa katika kuzielewa. Mstari mmoja ungeweza kutaja jina la mwamba, nalo jina hilo likawa linaashiria vita, usaliti au mapenzi yaliyojulikana na ukoo mmoja tu. Mjuzi wa mwisho wa ukoo huo alipofariki, mstari ulibaki kama mlango usio na ufunguo. Ngata alitambua kwamba kuchapisha maneno matupu kungekuwa kuhifadhi mlango bila ufunguo. Kwa hivyo alifuatilia kila wimbo: nani aliutunga, wa kabila gani, kwa kisa kipi, na kila jina lililotajwa lilikuwa la nani au la mahali gani. Aliwaandikia wazee, akalinganisha matini zilizotofautiana, na akatumia mikutano ya kisiasa na matanga kuwauliza wajuzi waliokuwepo.

Matokeo yake ni mkusanyiko uitwao Nga Moteatea. Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1928 na ya pili mwaka 1929. Baada ya kifo chake, Pei Te Hurinui Jones, aliyekuwa msomi na mfasiri mashuhuri, aliendeleza kazi ya kuzitafsiri na kuzifafanua. Sehemu ya tatu ilitoka mwaka 1970, na ya nne mwaka 1990, miaka 40 baada ya Ngata kuaga dunia. Kwa jumla mkusanyiko huo una nyimbo takriban 400, na hadi leo hakuna anayesomea ushairi wa Kimaori pasipo kuupitia.

Kazi hiyo ilikuwa na lengo jingine pia. Ngata alitaka Kimaori kikubaliwe kuwa somo la shahada chuoni, na kizuizi kimojawapo kilikuwa dai kwamba lugha hiyo haikuwa na fasihi ya kutosha kusomwa. Dai la namna hiyo si geni kwa wapenzi wa lugha za Kiafrika. Ngata hakulijibu kwa malalamiko. Alilijibu kwa kitabu. Ufundishaji wenyewe wa Kimaori katika Chuo Kikuu cha Auckland ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati yeye alikuwa ameshazikwa.

Nyumba yenye mwili wa babu

Ili kuelewa kazi yake katika uchongaji, ni lazima kwanza ieleweke nyumba ya mkutano ya Wamaori. Nyumba hiyo hujengwa mbele ya uwanja wa ukoo, na aghalabu hubeba jina la babu au bibi mwanzilishi. Nayo si ukumbusho wake tu, bali ni mwili wake. Uso uliochongwa juu ya kipembe cha paa ni uso wake. Mbao mbili zinazoteremka kutoka hapo ni mikono yake iliyokunjuliwa kuwapokea wageni. Boriti ndefu ya kilele cha paa ni uti wake wa mgongo, na makombamoyo ni mbavu zake. Anayeingia ndani huwa ameingia kifuani mwa babu huyo. Kutani husimama nguzo bapa zilizochongwa sura za wahenga, macho yao yakimetameta kwa vipande vya kombe la paua. Katikati ya nguzo na nguzo huwekwa paneli za kusukwa ziitwazo tukutuku, na makombamoyo hupakwa rangi kwa mapambo ya mikunjo. Kwa watu wasiokuwa na maandishi, nyumba hiyo ilikuwa kitabu cha nasaba ambacho mtu aliweza kulala ndani yake.

Kufikia miaka ya 1920, wachongaji waliojua kazi hiyo kikamilifu walikuwa wachache na wazee. Makabila mengi hayakuwa na mchongaji hata mmoja. Nyumba mpya zilijengwa kwa mbao za kiwandani zisizo na nakshi. Nakshi bora za zamani zilikuwa katika makumbusho, mathalani nyumba ya Te Hau ki Turanga, iliyochongwa chini ya uongozi wa Raharuhi Rukupo katika miaka ya 1840, ambayo serikali iliitwaa mwaka 1867 na kuipeleka Wellington. Wageni waliweza kuitazama. Wajukuu wa wachongaji hawakuweza kuiunda nyingine.

Ngata alipitisha bungeni mswada wa sanaa za Kimaori mwaka 1926, na mwaka 1927 shule ya uchongaji ikafunguliwa mjini Rotorua. Vijana waliletwa kutoka makabila mbalimbali, miongoni mwao Pine Taiapa wa Ngati Porou, na baadaye nduguye Hone. Walijifunza kutumia patasi, wakanakili ruwaza za kale, na kazi zao zilipendeza macho. Lakini palikuwa na pengo. Nakshi za kale zilikuwa na kina na nguvu ambavyo nakshi za wanafunzi hazikuwa navyo. Tatizo lilikuwa tezo. Wachongaji wa zamani waliunda umbo zima kutoka katika gogo kwa tezo, wakazungusha mabega na kuzamisha kiuno kwa mapigo yaliyopimwa, ndipo patasi ikaja mwishoni kutia urembo. Anayeanza na patasi hukwaruza uso wa ubao. Anayeanza na tezo humtoa mtu ndani ya mti. Na mapigo hayo ya tezo hayakuweza kujifunzwa kwa kutazama nguzo makumbushoni, kwa kuwa nguzo huonyesha alama ya pigo, haionyeshi pigo lenyewe.

Ngata alimtuma Pine Taiapa amtafute mtu aliyebaki na ujuzi huo. Kijana huyo alimpata Eramiha Kapua, mzee wa Ngati Tarawhai aliyekuwa akiishi Te Teko. Ngati Tarawhai walikuwa miongoni mwa watu wachache ambao uchongaji wao haukukatika katika karne ya 19, na mzee huyo alikuwa amefunzwa na babake, Neke Kapua. Alikubali kuja Rotorua kufundisha. Kwa uamuzi wa mzee mmoja, ujuzi uliokuwa umebakiza mikono michache uliingia katika mikono ya vijana wa makabila mengi. Pamoja na tezo, mzee alileta pia miiko ya kazi: kwamba vumbi la nakshi halipulizwi kwa mdomo, na kwamba vibanzi vya mti uliochongwa haviwashiwi moto wa kupikia. Kwake yeye, ufundi na heshima ya ufundi havikutenganishwa.

Upande wa wanawake nao haukusahauliwa. Ususi wa tukutuku ulifufuliwa sambamba na uchongaji. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma ya paneli, wakipitishiana nyuzi za nyasi na majani yaliyotiwa rangi katikati ya fito. Aliye nyuma haioni ruwaza inayotokea mbele, naye humtegemea mwenzake. Ruwaza hizo zina majina na maana, kama ile ya ngazi inayopanda, ambayo huashiria kupanda kwa elimu.

Jambo lililoitofautisha shule hiyo na makumbusho ni kwamba kazi zake zilikwenda kwa watu. Ukoo uliotaka nyumba uliwalisha wachongaji, ukatoa miti na kazi ya mikono, na wanawake wake wakajifunza kusuka papo hapo. Nyumba ya Mahinarangi huko Ngaruawahia, makao ya ufalme wa Waikato, ilifunguliwa mwaka 1929 kwa ushirikiano wa Ngata na Te Puea Herangi. Te Poho-o-Rawiri ya Gisborne ikafuata mwaka 1930, na Raukawa ya Otaki mwaka 1936. Kila ujenzi ulikuwa pia mkutano wa nasaba, kwa maana wachongaji walilazimika kuwauliza wazee ni wahenga gani wasimame ukutani, na kwa mpangilio upi. Nyimbo na nakshi zilikutana hapo.

Msiba na anguko

Mwaka huohuo wa 1929 ulimletea Ngata majonzi makubwa. Mkewe Arihia na mwanawe Makarini walifariki katika kipindi kifupi. Alijitumbukiza katika kazi zaidi ya awali. Barua alizoandikiana na Te Rangi Hiroa, ambaye wakati huo alikuwa ameacha udaktari na kuwa mtafiti wa tamaduni za Polinesia huko Honolulu, zinaonyesha watu wawili waliopeana faraja kwa kujadili nyimbo, nasaba na mitumbwi. Barua hizo za kuanzia mwaka 1925 hadi 1950 zilichapishwa katika majuzuu matatu katika miaka ya 1980.

Kama waziri, Ngata alianzisha mpango wa kuendeleza ardhi ya Wamaori kwa fedha za serikali. Wakulima wasiokuwa na mtaji walipata mbegu, mifugo na nyua. Katika miaka ya mdororo wa uchumi mpango huo uliokoa familia nyingi. Hata hivyo, Ngata aliongoza wizara kama anavyoongoza mkuu wa ukoo. Aliamua uwanjani, akaahidi hapo hapo, na karatasi zikafuata baadaye au zisifuate kabisa. Wakaguzi walilalamika. Mwaka 1934 tume ya uchunguzi iliikosoa vikali wizara yake kwa hesabu zisizo na mpangilio, matumizi mabaya ya maofisa wachache na upendeleo kwa baadhi ya maeneo. Ngata alikubali dhima kama waziri, akajiuzulu uwaziri mwezi Novemba mwaka huo. Wafuasi wake waliona dhuluma katika jambo hilo. Wengine waliona udhaifu halisi wa uongozi. Yaelekea pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Waitangi, 1940

Miaka sita baadaye, tarehe 6 Februari 1940, Nyuzilandi iliadhimisha miaka 100 ya mkataba. Katika uwanja wa Waitangi ilisimama nyumba mpya, Te Whare Runanga, iliyochongwa na Pine Taiapa na wenzake. Tofauti na nyumba nyingine, hii haikuwa ya ukoo mmoja: nguzo zake zilichongwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali ya nchi nzima. Mbele ya nyumba hiyo Ngata, akiwa na umri wa miaka 65, aliongoza haka mbele ya gavana na mawaziri. Haka ni ngoma ya kupiga kifua, kukanyaga ardhi na kutoa sauti kwa pamoja, na picha ya mzee huyo akiiongoza ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana katika historia ya nchi hiyo. Siku hiyohiyo, katika hotuba yake, hakusita kuwakumbusha wenye sherehe kuhusu ardhi iliyotwaliwa na madai ambayo hayajatimizwa. Sanaa haikuwa pambo la kufunika malalamiko. Ilikuwa jukwaa la kuyatolea.

Baada ya hapo vita viliwachukua vijana wengi. Ngata alipigania kuundwa kwa kikosi cha Wamaori chini ya maofisa wao, nacho kikapeleka wanaume wapatao 3,600, ambao 649 kati yao waliuawa. Wengi walitoka katika kabila lake mwenyewe. Aliamini kwamba damu hiyo ilikuwa bei ya uraia kamili. Mwaka 1943, vita vikiendelea, alishindwa katika uchaguzi na mgombea wa vuguvugu la Ratana.

Upande wa pili wa shilingi

Haifai kumsifu Ngata bila kupima gharama ya kazi yake. Wanahistoria wa sanaa wamebainisha kwamba shule ya Rotorua ilichagua baadhi ya mitindo na kuiacha mingine. Mwishoni mwa karne ya 19, kwa mfano, Wamaori wa pwani ya mashariki walikuwa wameanzisha mtindo wa kupaka rangi picha za watu na mimea ndani ya nyumba zao; nyumba ya Rongopai, karibu na Gisborne, iliyochorwa katika miaka ya 1880, ndiyo maarufu zaidi. Ngata hakuuthamini mtindo huo, kwa kuwa aliuona umechanganyika na Uzungu. Anayeamua jadi ni ipi huwa pia ameamua ipi si jadi.

Kuhusu lugha alikosea pia, naye alikuja kulitambua. Kwa miaka mingi aliunga mkono shule za wenyeji zifundishe kwa Kiingereza, akiamini kwamba Kimaori kingejitunza nyumbani. Uzeeni aliona watoto wasioweza kufuata hotuba ya uwanjani, akabadili msimamo na kuhimiza Kimaori kifundishwe. Nyumba zilikuwa zimejengwa upya, ilhali waliozielewa kuta zake walikuwa wakipungua.

Hitimisho

Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Nyuzilandi kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa fasihi. Mwaka uliofuata aliandika maneno machache katika daftari la kumbukumbu la msichana wa shule, akimshauri kushika zana za Wazungu kwa mikono yake na hazina za wahenga kwa moyo wake. Maneno hayo yamekaririwa na Wamaori tangu hapo. Alifariki tarehe 14 Julai 1950 huko Waiomatatini. Sura yake imo katika noti ya dola 50 ya nchi yake.

Urithi wake mkubwa zaidi, hata hivyo, haumo katika noti. Mwaka 1963 bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha taasisi mpya ya sanaa na ufundi wa Kimaori mjini Rotorua, na shule yake ya uchongaji ilipoanza mwaka 1967, mkufunzi mkuu alikuwa Hone Taiapa. Alifundisha vijana kushika tezo kama alivyofundishwa na Eramiha Kapua, naye Eramiha kama alivyofundishwa na babake. Mwaka 1982 akina mama na wazee wa Kimaori walifungua vituo vya kulea watoto wachanga kwa Kimaori kitupu, wakianza kuziba pengo ambalo Ngata aliliona akiwa amechelewa.

Sanaa isiyorithishwa haifi siku ambayo chombo chake kinavunjika. Hufa siku ambayo mjuzi wake wa mwisho anazikwa na hakuna aliyetumwa kumtafuta.